Tatizo la Nguruwe Si Mabaki ya Dawa

Mjadala wa dawa za mifugo unapozuka, iwe redioni, kwenye semina ya wafugaji au kaunta ya duka la dawa, jibu linalotolewa ni lilelile: mfugaji asubiri siku zilizoandikwa kwenye lebo kabla ya kuchinja, mlaji aipike nyama mpaka iive, basi, hakuna cha kuogopa. Maafisa mifugo wanalisema, wauzaji wa dawa wanalisema, na sisi waandishi tunalirudia bila kulichunguza. Mimi nalipinga. Linajibu swali ambalo si kubwa, na likishajibiwa, watu wanakwenda zao wakiamini kwamba lile kubwa nalo limejibiwa.

Mabaki ni chembe za dawa zilizosalia kwenye nyama, ini au figo. Mwili wa nguruwe huzivunja na kuzitoa, na baada ya siku kadhaa, au wiki kadhaa kwa zile sindano zinazokaa mwilini muda mrefu, kiasi chake hushuka chini ya kiwango kinachoruhusiwa. Kanuni ya kusubiri inamlinda mtu mwenye mzio wa penisilini na inalinda jina la nyama sokoni. Naitaka ibaki, tena isimamiwe kwa ukali zaidi. Lakini bakteria sugu ni viumbe hai, na kiumbe hai hakipungui kwa kusubiriwa. Dawa inapokwisha mwilini mwa mnyama, bakteria waliohimili makali yake wanabaki tumboni, puani na kwenye ngozi wakizaana, na wengine walishatoka na kinyesi siku nyingi kabla ya tarehe ya kuchinja. Nyama inaweza kupimwa maabara ikakutwa haina hata chembe moja ya dawa, na mnyama huyohuyo akawa ameacha nyuma yake banda zima la bakteria ambao dawa hiyo haiwafanyi kitu.

Nguruwe anatajwa sana katika habari hii kwa sababu anapewa dawa nyingi. Makadirio ya mwaka 2010 kwa dunia nzima yalionyesha kwamba kila kilo ya nguruwe ilizalishwa kwa takriban miligramu 172 za dawa za kuua vijidudu, kuku 148, na ng'ombe 45. Chanzo kikubwa cha pengo hilo ni namna watoto wa nguruwe wanavyoachishwa kunyonya. Nguruwe akiachwa huru, vitoto vyake huacha ziwa polepole kwa muda wa miezi mitatu hivi au zaidi. Kwenye mashamba ya biashara wanatenganishwa na mama wakiwa na wiki tatu au nne. Tumbo halijakomaa, kinga ya maziwa imekatika ghafla, chakula ni kigeni, na wanachanganywa na watoto wa mama wengine ambao hawajawahi kuwaona. Wanaharisha. Njia ya haraka ya kuzuia hasara hiyo, ambayo dunia iliichagua tangu miaka ya 1950, ni kuchanganya dawa kwenye chakula au maji ya kundi zima, wagonjwa kwa wazima. Mgonjwa hana hamu ya kula, kwa hiyo anapata dozi ndogo kuliko mzima asiyeihitaji. Ukitaka kuwazoesha bakteria dawa, utapata shida kubuni njia bora kuliko hiyo.

Chakula chenye dawa kilikuwa na kazi nyingine pia. Thomas Jukes na Robert Stokstad, waliokuwa wakifanya kazi katika kampuni ya dawa ya Lederle nchini Marekani, waligundua mwishoni mwa miaka ya 1940 kwamba kiasi kidogo cha klorotetrasaiklini kinawafanya wanyama wakue haraka zaidi. Tangu hapo mamilioni ya wanyama wazima walilishwa dawa maisha yao yote. Nchini Uingereza kamati iliyoongozwa na Michael Swann ilionya mwaka 1969 kwamba dawa zinazotibu binadamu zisitumike kukuzia mifugo. Sweden ilipiga marufuku matumizi hayo mwaka 1986. Umoja wa Ulaya wote uliyamaliza tarehe 1 Januari 2006. Kati ya onyo la Swann na tarehe hiyo ilipita miaka 36, na katika miaka yote hiyo watetezi wa dawa walikuwa na hoja ileile ya mabaki: nyama imepimwa, ni safi.

Sasa tuitazame hoja hiyo mbele ya mambo yaliyotokea.

Mwaka 2004 nchini Uholanzi, mtoto mchanga wa kike alipimwa hospitalini kabla ya upasuaji akakutwa na MRSA, aina ya stafilokoka isiyosikia dawa nyingi. Hospitali za Uholanzi zilikuwa zimefanikiwa kuizuia MRSA kuliko karibu nchi zote, kwa hiyo madaktari walishtuka na kuanza kutafuta chanzo. Wazazi wake walikuwa wafugaji wa nguruwe. Mtafiti Andreas Voss na wenzake walipowapima wafugaji wa nguruwe wa eneo hilo, walikuta kiwango cha MRSA kilichozidi kile cha wagonjwa wanaolazwa katika hospitali za Uholanzi kwa zaidi ya mara 760. Utafiti wao ulichapishwa mwaka 2005, na aina hiyo ya bakteria inajulikana leo kama CC398. Miaka saba baadaye, uchunguzi wa vinasaba vyake ulionyesha kwamba ilianza kwa binadamu ikiwa bado inatibika, ikahamia kwa mifugo, na huko ndiko ilikopata usugu dhidi ya tetrasaiklini na methisilini kabla ya kurudi kwa watu.

Wafugaji wale hawakuhitaji kula nyama mbichi, wala nyama yenye mabaki. CC398 inaishi puani na kwenye ngozi, inaelea na vumbi la banda, inashikwa kwa mikono. Mtoto yule alikuwa wa kunyonya. Ni siku ngapi za kusubiri ambazo zingemlinda? Ni sufuria gani?

Kisa cha Denmark kinafundisha zaidi, nami nakikalia kwa sababu ndicho kinachoivunja hoja ya mabaki kwenye mzizi wake. Mwaka 1994 mifugo ya Denmark ililishwa kilo 24,000 za avoparsini ili ikue haraka. Dawa hiyo haikuwa ikipewa binadamu, na hilo lilitumika kama utetezi. Ila avoparsini ni ndugu wa vankomaisini, ambayo hospitali zilikuwa zikiitunza kwa wagonjwa walioshindikana kwa dawa nyingine. Mwaka huohuo wagonjwa wote wa Denmark walitumia kilo 24 tu za vankomaisini. Bakteria wa matumbo ya kuku na nguruwe wakajifunza kuishinda avoparsini, na hapohapo wakawa wameishinda vankomaisini ambayo hawajawahi kukutana nayo. Denmark ikapiga marufuku avoparsini mwaka 1995.

Kwa kuku mambo yalikwenda kama ilivyotarajiwa. Enterokoka (bakteria hao wa matumbo) sugu kwa vankomaisini walishuka kutoka karibu asilimia 73 mwaka 1995 hadi karibu asilimia 6 mwaka 2000. Kwa nguruwe hawakushuka. Miaka ikapita, avoparsini hakuna, mabaki yake hakuna, na bado takriban mmoja kati ya watano alikuwa sugu. Jibu lilipatikana kwenye vinasaba. Bakteria hubeba vijipete vya DNA viitwavyo plasmidi, ambavyo hunakiliwa na kupitishwa kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, hata wa jamii tofauti. Kwa nguruwe, kinasaba cha kuishinda vankomaisini kilikuwa kimekaa kwenye kijipete kimoja na kinasaba cha kuishinda tailosini, dawa nyingine ambayo nguruwe walikuwa bado wakilishwa. Kila lishe ya tailosini iliulinda usugu dhidi ya vankomaisini. Wafugaji walipoacha dawa za kukuzia mwaka 1998 na 1999, tailosini ikiwamo, usugu ule kwa nguruwe ulishuka hadi asilimia 6 mwaka 2000.

Maana yake ni kwamba katika miaka ya katikati, nyama ya nguruwe wa Denmark ilikuwa haina avoparsini kabisa, na usugu uliozaliwa na avoparsini ulikuwa ukiendelea kulishwa kwa dawa ambayo haina uhusiano wowote nayo. Upimaji wa mabaki haukuweza kuliona jambo hilo, kwa sababu haukuundwa kuliona. Kinachouongoza usugu ni dawa zinazoingia bandani, kwa wingi gani na kwa mazoea gani. Tarehe ya mwisho kabla ya kisu haina nguvu juu yake.

China ilikuja kulithibitisha hilo kwa ukubwa wa kutisha. Kolistini ni dawa ya zamani ambayo madaktari waliiweka kando kwa sababu ya kuumiza figo, kisha wakairudia walipoishiwa na dawa nyingine. Nchini China ilikuwa ikitumika sana kwa mifugo na karibu haitumiki kwa wagonjwa. Novemba 2015 watafiti walitangaza kwamba bakteria aina ya E. koli kutoka shamba la nguruwe la Shanghai alikuwa na kinasaba cha kuishinda kolistini, walichokiita mcr-1, na kwamba kimekaa kwenye plasmidi. Walikikuta kwenye asilimia 15 ya sampuli za nyama mbichi, asilimia 21 ya wanyama, na asilimia 1 ya wagonjwa waliokuwa na maambukizi. Wale wanaosema kwamba usugu ni kosa la mgonjwa asiyemaliza dozi wamtafute mgonjwa aliyeacha kumaliza dozi ya kolistini katika China ya miaka ile. Hawatampata kirahisi. Walioinywa ni nguruwe na kuku.

Serikali ya China ilipiga marufuku kolistini ya kukuzia mifugo kuanzia tarehe 30 Aprili 2017. Uzalishaji wa mchanganyiko wake wa kutiwa kwenye chakula cha mifugo ulishuka kutoka tani 27,170 mwaka 2015 hadi tani 2,497 mwaka 2018. E. koli sugu kwa kolistini kwenye nguruwe walishuka kutoka asilimia 34 hadi asilimia 5.1 ndani ya miaka michache, na watu waliokuwa wamebeba mcr-1 tumboni walipungua kutoka asilimia 14.3 mwaka 2016 hadi asilimia 6.3 mwaka 2019. Hao waliopungua hawakubadilisha mapishi yao.

Hapo ndipo watetezi wanapohamia kwenye bei. Wanasema bila dawa kwenye chakula nguruwe hafugiki, mfugaji atafilisika na nyama itapanda. Hofu hiyo naiheshimu, kwa sababu mfugaji aliyepoteza vitoto kumi kwa kuhara amepoteza ada ya shule. Na ni kweli kwamba Denmark ilipoacha dawa za kukuzia, kuhara kwa vitoto vilivyoachishwa kuliongezeka na dawa za kutibu zikatumika zaidi kwa muda. Lakini tuhesabu mpaka mwisho. Kati ya 1992 na 2008 nguruwe waliozalishwa Denmark kwa mwaka waliongezeka kutoka milioni 18.4 hadi milioni 27.1, na dawa kwa kila kilo ya nguruwe ikashuka kutoka miligramu 100.4 hadi 48.9. Dawa kwa kila kilo ilipungua nusu, nguruwe wakaongezeka karibu nusu. Haikutokea kwa hotuba. Katikati ya miaka ya 1990 waganga wa mifugo walibanwa wasitajirike kwa kuuza dawa wanazoziandika wenyewe. Kila dawa iliyouzwa iliandikwa kwenye daftari la taifa kuanzia mwaka 2000. Baada ya kipindi hicho, kuanzia 2010, shamba lililozidisha dawa kuliko mengine lilipewa kadi ya njano na kusimamiwa mpaka lishuke. Wafugaji waliongeza siku za kunyonyesha, wakaboresha chakula, chanjo na usafi wa mabanda.

Wala Denmark haikushinda kila kitu, na yeyote anayeitumia kama mfano anapaswa kulisema hili. CC398 ilisambaa kwenye mashamba yake hata dawa zilipokuwa zikipungua, mpaka ikawa kwenye sehemu kubwa mno ya mashamba ya nguruwe. Ilisafiri na wanyama waliouzwa shamba hadi shamba. Ilisaidiwa pia na oksidi ya zinki, ambayo ilikuwa ikipewa vitoto kwa wingi kuzuia kuhara: kinasaba cha kuhimili zinki kilikuwa kimekaa pamoja na kile cha kuishinda methisilini. Umoja wa Ulaya uliiondoa zinki ya tiba mwaka 2022. Norway ilichukua njia nyingine. Kuanzia 2013 ilipima mashamba yake, na palipokutwa MRSA nguruwe wote waliondolewa, banda likasafishwa na kupimwa, kisha wakaingizwa nguruwe wapya walio safi. Ni gharama kubwa, na iliwezekana kwa sababu walianza mashamba yenye maambukizi yakiwa bado machache.

Kwetu je? Najua jibu ninalosubiriwa nalo: sisi tuna nguruwe watatu nyuma ya nyumba, hayo ni matatizo ya Wazungu na Wachina. Sehemu yake ni kweli. Afrika inatumia dawa kidogo kwa kila mnyama kuliko Asia. Lakini ufugaji wenyewe unabadilika mbele ya macho yetu. Sensa ya mifugo ya mwaka 2008 ilihesabu nguruwe milioni 3.2 nchini Uganda, ambayo inaongoza Afrika Mashariki kwa kula nyama hiyo. Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe zinalisha vibanda vya kitimoto vya Dar es Salaam. Wanaoingia kwenye biashara hii wanajenga mabanda ya saruji, wananunua chakula cha viwandani, wanaachisha vitoto mapema ili jike lizae tena. Wanaiga namna ya kufuga iliyozaa tatizo, bila daftari la dawa wala kadi ya njano.

Na dawa zenyewe zinauzwa kama chumvi. Mfugaji anaingia dukani, anaeleza kwamba nguruwe hali, anatoka na chupa ya oksitetrasaiklini. Hakuna aliyemwona mnyama. Mara nyingi anayeumwa ana homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo mtafiti Montgomery aliieleza kwa mara ya kwanza kutoka Kenya mwaka 1921. Homa hiyo ni ya virusi. Haina tiba, na hakuna antibiotiki itakayoigusa. Nguruwe anachomwa sindano, anakufa, na sindano ileile inapelekwa banda la jirani ikiwa na damu ya mgonjwa. Fedha imepotea, virusi vimesafirishwa, na bakteria walioishi salama ndani ya mnyama yule wamepewa somo bure. Katika hali hiyo, kumwambia mfugaji ahesabu siku za kusubiri ni kumwacha na kosa lake lote mkononi.

Wapo pia wanaoamini kwamba habari hii haiwahusu kwa kuwa hawali nguruwe. Katika pwani yetu na kwenye miji mingi wao ndio wengi, na imani yao ni ya kuheshimiwa. Bakteria hawaiulizi. Samadi ya nguruwe inamwagwa kwenye bustani za mboga, mvua inaiingiza mtoni, kijana anayesafisha banda anapanda daladala jioni na wiki ijayo analazwa kwenye wodi yenye vitanda vilivyobanana. Plasmidi iliyotoka kwa bakteria wa nguruwe inaweza kuingia kwa bakteria wa tumbo la mtu ambaye hajawahi kuionja nyama hiyo. Doksisaiklini, dawa ya mstari wa mbele kwa wagonjwa wa kipindupindu, ni ya ukoo mmoja na oksitetrasaiklini inayochomwa nguruwe, na baadhi ya vinasaba vinavyoishinda moja huishinda na nyingine.

Mwaka 2019 usugu wa bakteria uliua moja kwa moja watu wanaokadiriwa kuwa milioni 1.27 duniani, na Afrika Magharibi ilikuwa na kiwango cha juu kuliko kanda zote. Sisemi kwamba hao waliuawa na nguruwe. Matumizi mabaya ya dawa kwa binadamu yana sehemu yake kubwa, pamoja na hospitali zisizo na maji ya kutosha. Ninachokataa ni kulitoa banda kwenye hesabu kwa sababu nyama yake imepita kipimo cha mabaki.

Tanzania na Kenya zote zilianza mipango ya kitaifa dhidi ya usugu mwaka 2017, na Uganda ikafuata mwaka 2018. Kwa upande wa nguruwe, mipango hiyo ipewe kazi tatu zinazoeleweka. Dawa za sindano na za kuchanganya kwenye chakula zisiuzwe mpaka mtaalamu amemwona mnyama, na duka liandike nani amechukua nini. Chakula cha nguruwe kilichochanganywa dawa kabla ya ugonjwa kisiuzwe kabisa. Na machinjioni, pamoja na kipande cha nyama kinachopelekwa kutafutwa mabaki, ichukuliwe sampuli ya kinyesi kutoka utumbo mpana, kama Denmark inavyofanya kwa nguruwe wazima tangu 1995. Sampuli chache kila mwezi kutoka kila machinjio kubwa zinatosha kuanza. Bakteria wake wapimwe dhidi ya tetrasaiklini, ampisilini, siprofloksasini na kolistini, na matokeo yachapishwe kila mwaka ukurasa mmoja na idadi ya kilo za dawa zilizoingizwa nchini kwa ajili ya mifugo.